Figo Zilizokosekana Kwenye Orodha

Mvua za vuli mwaka 2006 zilipitiliza. Ulikuwa mwaka wa El Niño, na maji yalimwagika Afrika Mashariki kwa wiki nyingi mfululizo, mpaka mabonde yaliyozoea vumbi yakawa madimbwi. Kwa mfugaji wa Ngorongoro mvua ya namna hiyo huanza kama neema: nyasi zinarudi, ng'ombe wananenepa, maziwa yanaongezeka. Lakini katika udongo huohuo kulikuwa na mayai ya mbu wa jamii ya Aedes. Mbu hao hutaga pembezoni mwa mabwawa ya msimu, na mayai yao huweza kukaa kwenye ardhi kavu miaka kadhaa bila kufa. Mengine hurithi kirusi kutoka kwa mbu mama. Maji yakifurika, mayai huanguliwa kwa pamoja, na baadhi ya mbu wachanga huruka wakiwa tayari na ugonjwa.

Kondoo na mbuzi ndio hutangulia. Kundi linatupa mimba karibu lote, na vitoto vilivyozaliwa karibuni vinakufa ndani ya siku chache. Mchungaji anaokota kijusi kwa mikono mitupu na kukitupa nje ya boma. Mama anaendelea kukamua. Mnyama aliyedhoofu anachinjwa upesi ili nyama isipotee. Mtu aliyegusa damu ile au majimaji yale ya uzazi anaweza kupata homa siku 2 hadi 6 baadaye.

Ugonjwa huu ni Homa ya Bonde la Ufa, na historia yake iliyoandikwa inaanzia jirani kabisa na Ngorongoro. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka uliofuata, watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya kirusi walichokikuta. Waligundua pia kwamba binadamu huambukizwa, lakini kwa miaka mingi madaktari waliuona kwa watu kama homa nyepesi tu, inayopita yenyewe. Imani hiyo ilivunjika kabisa Misri mwaka 1977, watu karibu 600 walipokufa kwa mlipuko mmoja.

Kisha ikaja El Niño ya 1997 na 1998, iliyopiga Garissa nchini Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania. Septemba 2000 kirusi kilionekana Jizan, kusini magharibi mwa Saudi Arabia, na katika nchi jirani ya Yemen. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kilifanana sana na kile cha Afrika Mashariki cha miaka miwili mitatu iliyotangulia.

Ninakaa kidogo Jizan kwa sababu hospitali za huko ziliacha kumbukumbu ambayo sisi hatukuiacha. Madaktari walichunguza wagonjwa 165 waliokuwa mahututi. Ini lilikuwa limefeli kwa wagonjwa 124, yaani robo tatu. Figo zilikuwa zimefeli ghafla kwa wagonjwa 68, zaidi ya 4 kati ya kila 10. Waliotoka damu walikuwa 32. Waliofariki walikuwa 56. Kwa hiyo katika ugonjwa ambao dunia iliuogopa kwa sababu ya kutoka damu, waliofeli figo walikuwa mara mbili ya waliovuja damu.

Sasa turudi kwetu. Januari 2007 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro ikiwa miongoni mwa zilizotangulia. Ugonjwa ukateremka hadi mikoa ya kati na kusini. Ulipokoma mwezi Juni, mikoa 10 kati ya 21 ya wakati huo ilikuwa imeripoti watu 511 walioshukiwa. Maabara ilithibitisha 186, na wengine 123 walihesabiwa kuwa karibu na hakika. Waliokufa walikuwa 144.

Taarifa ya kitabibu ya mlipuko huo ilichapishwa mwaka 2010, na orodha yake ya dalili inafaa kusomwa taratibu. Homa: wote. Kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu: asilimia 89. Kutoka damu: asilimia 10. Kuathirika kwa macho: asilimia 3. Katika muhtasari wa taarifa hiyo figo hazitajwi.

Mimi siamini kwamba kirusi kilichoua figo Jizan kiliziacha salama figo za Wamasai wa Ngorongoro na Wagogo wa Dodoma. Miezi michache baada ya mlipuko wetu, ugonjwa uleule ulizuka Sudan, na madaktari wa hospitali ya figo ya Gezira wakaandika habari za wagonjwa waliowafikia figo zikiwa tayari zimefeli. Ukitazama orodha ya Tanzania utaona inakusanya yale ambayo jicho, mkono na kipimajoto vinaweza kuyapata kando ya kitanda. Sisemi hivyo kuwalaumu walioiandaa. Walifanya kazi katikati ya mafuriko, barabara zimekatika, huku asilimia 55 ya wale 309 waliothibitishwa au waliokaribia kuthibitishwa wakikutwa pia na vimelea vya malaria kwenye damu. Muuguzi wa zahanati akishaona vimelea vile amepata jibu, tena jibu la kweli, na hana sababu ya kutafuta lingine. Halafu kuna hili la asilimia 89. Figo zikifeli, sumu inayobaki mwilini humchanganya mtu akili na hatimaye kumzimisha. Ni wangapi kati ya waliochanganyikiwa ubongo wao uliguswa na kirusi, na ni wangapi walikuwa wanalewa uchafu wa damu yao wenyewe? Bila kipimo cha figo hakuna wa kuwatenganisha.

Tatizo ni kwamba hata kipimo chenyewe, pale kinapokuwepo, huchelewa.

Figo mbili za mtu mzima hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja takribani lita 180 za majimaji, kisha mirija midogo ndani yake hurudisha karibu zote mwilini na kuacha lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha inakula nguvu nyingi. Kwa hiyo mgonjwa akikaukiwa maji kwa kuhara, akivuja damu baada ya kujifungua, akipata malaria kali, akiumwa na nyoka au akimeza dawa zinazobana mishipa ya figo kama vile diklofenaki, chembe za mirija ile huwa miongoni mwa za kwanza kukosa hewa. Na hazina namna ya kuuma. Mtu akivunjika mguu atapiga kelele. Figo zikianza kufa, mwenyewe husema tu kwamba amechoka.

Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari wameitegemea kreatini (creatinine). Hiyo ni taka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo nzima huitupa kwa mkojo. Mwaka 1886 mkemia Max Jaffe, huko Königsberg, aliona kwamba ukichanganya kreatini na asidi ya pikriki ndani ya kimiminika chenye alkali, rangi ya manjano inageuka kuwa ya machungwa iliyokolea. Otto Folin, Marekani, akaigeuza rangi hiyo kuwa kipimo mwaka 1904. Ukiingia leo katika maabara ya hospitali ya wilaya na kusimama karibu na mashine ya kemia ya damu, mara nyingi jambo lilelile la Jaffe ndilo linalotokea ndani yake: majimaji ya damu kidogo, pikrati, taa inayopita katikati, na mashine inayopima jinsi rangi inavyokolea kwa sekunde kadhaa.

Ni kipimo cha bei nafuu, na kimeokoa watu wengi. Lakini kina kasoro tatu zinazotuhusu sana. Kwanza, kreatini haipandi siku figo inapoumia. Inabidi uchujaji uanguke sana, kisha taka ijikusanye mpaka ionekane, na hiyo huchukua siku 1 hadi 3. Pili, inategemea misuli. Mtoto aliyekonda ana misuli kidogo, hivyo kreatini yake ya kawaida iko chini mno. Inaweza kupanda maradufu na bado ikasomeka kama ya mtu mzima mwenye afya, na karatasi ya majibu ikarudi bila alama yoyote ya hatari. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi nikifikiria mwaka 2007, nyongo inayogeuza macho ya mgonjwa kuwa manjano huvuruga ile rangi ya Jaffe na kuifanya mashine isome kreatini ya chini kuliko ilivyo. Mgonjwa wa Homa ya Bonde la Ufa ambaye ini lake limefeli ni mtu mwenye nyongo nyingi kwenye damu. Yaani hata angefika penye mashine, ugonjwa wenyewe ungeweza kumfichia daktari hali ya figo.

Dunia ilijifunza uzito wa ucheleweshaji huu vitani. Mwaka 1941, wakati Ujerumani ikiipiga London kwa mabomu, Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa chini ya vifusi baada ya saa nyingi. Walifika hospitali wakiongea na kuonekana wazima isipokuwa mguu au mkono uliovimba. Kisha mkojo ukapungua na kuwa mweusi, na kifo mara nyingi kikaja ghafla ndani ya wiki moja. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa bado haijawafikia. Willem Kolff aliianza Uholanzi mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kwa kutumia utando wa selofani unaovishwa soseji, na mgonjwa wake wa kwanza kupona alikuwa mwanamke wa miaka 67, mwaka 1945. Katika vita vya Korea, askari zaidi ya 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa walishikwa na homa ya kutoka damu iliyoharibu figo, na Wamarekani wakapeleka mashine karibu na uwanja wa vita. Wakati huo hakuna aliyejua chanzo chake. Ho Wang Lee alikipata katika miaka ya 1970: kirusi cha panya wa mashambani, kilichopewa jina la mto Hantan. Nayasimulia haya kwa sababu Korea palikuwa na homa ya mnyama inayoshambulia figo kama kwetu, lakini vita vikapeleka huko mashine na wataalamu. Mfugaji wa Malambo au Endulen, huko Ngorongoro, hakuwa na jeshi la kumletea.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka kwenye maabara ya watoto huko Cincinnati, Marekani. Mwaka 2003 timu ya Prasad Devarajan ilizibana figo za wanyama wa maabara zikose damu kwa muda mfupi, kisha ikauliza: ni jeni zipi zinazoamka kwanza? Jibu lilikuwa protini iitwayo NGAL. Haikuwa ngeni. Wadenmaki waliieleza mwaka 1993 walipoikuta kwenye chembe nyeupe za damu, na baadaye ikaeleweka kuwa huwanyima bakteria madini ya chuma. Kilichokuwa kipya ni kwamba figo iliyoumia huimwaga kwenye mkojo kwa wingi na mapema.

Mwaka 2005 wakaipima kwa binadamu. Walichukua watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Uzuri wa upasuaji ni kwamba saa ya jeraha inajulikana: ni pale mashine inapochukua kazi ya moyo. Watoto 20 waliumia figo. Kreatini ilichukua siku 1 hadi 3 kulisema hilo. NGAL ya mkojo ilikuwa imeshapanda mara nyingi sana ndani ya saa 2.

Saa mbili! Wanasayansi wa figo walishangilia, na walikuwa na haki. Viashiria vingine vikafuata. Protini ya KIM-1 ilikuwa imeshatajwa tangu 1998. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kipimo kinachounganisha protini mbili za mkojo kwa wagonjwa mahututi, na Desemba 2023 ikaruhusu kipimo cha NGAL kwa watoto walio hatarini.

Ila hapa lazima tuwe wakweli, maana habari ya kipimo kipya ikisafiri kutoka Cincinnati hadi Karatu, jirani na Ngorongoro, hubadilika njiani. NGAL inatoka pia kwenye chembe nyeupe za damu. Mtu mwenye maambukizi makali huweza kuwa nayo juu hata kama figo zake bado zinajikongoja vizuri. Katika wodi ya upasuaji wa moyo hilo ni dosari ndogo. Katika wodi ambayo karibu kila kitanda kina malaria, nimonia au sumu ya bakteria kwenye damu, ni dosari kubwa. Kipimo hiki kilihitaji kujaribiwa kwa watoto wetu, katika magonjwa yetu.

Waliofanya hivyo ni Waganda pamoja na wenzao wa Marekani. Kati ya mwaka 2014 na 2017, huko Mulago na Jinja, walifuatilia watoto karibu 600 wenye malaria kali. Karibu nusu walikuwa wameumia figo, na wapo ambao figo zilikuwa bado hazijarudi sawa mwezi mmoja baada ya kutoka wodini. Watafiti hao, Anthony Batte wa Makerere akiwa mmoja wao, walilichambua pia lile tatizo la mtoto aliyekonda, wakatafuta namna ya kukadiria kreatini yake ya kawaida badala ya kumvisha kipimo cha mtoto wa Ulaya. Mwaka 2022 Batte na wenzake walionyesha kwamba kwa watoto wenye selimundu waliolazwa na maumivu makali, NGAL ilipanda kwa walioumia figo na iliwabainisha waliokuwa karibu zaidi na kifo. Kwa maoni yangu kazi hii ya Mulago inatufaa kuliko ile ya Cincinnati, kwa sababu wagonjwa wake ndio wanaofanana na wanaolazwa Karatu.

Na kaskazini mwa Tanzania? Miaka miwili baada ya mlipuko, mwaka 2009, hospitali ya KCMC iliyopo Moshi ilianza kusafisha damu ya wagonjwa waliofeli figo ghafla kwa kutumia utando wa tumbo lao wenyewe, kwa msaada wa taasisi ya kigeni inayosaidia huduma za figo. Kajiru Kilonzo na wenzake waliandika matokeo ya mwanzo mwaka 2012: walio wengi katika kundi lile dogo la kwanza walipona. Njia hii ni rahisi kuieleza. Mpira mwembamba unapitishwa chini ya kitovu hadi ndani ya tumbo. Mfuko wa maji yenye sukari na chumvi unaning'inizwa juu, maji yanaingia, yanakaa, taka za damu zinapenya kwenye utando na kuingia kwenye maji, kisha mfuko mtupu unawekwa sakafuni na maji yanashuka yenyewe. Halafu unaanza tena. Haihitaji umeme wala mtambo wa kusafisha maji. Kwa figo zilizoumia ghafla, siku au wiki chache za kazi hii huweza kutosha, kwa sababu figo hizo, tofauti na zile zilizoharibika polepole kwa kisukari au shinikizo la damu, zina uwezo wa kuamka.

Hapo ndipo muda unapogeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Matibabu yapo Moshi. Mgonjwa wa Endulen huanza safari kwenye barabara ya vumbi, anapanda hadi ukingo wa kreta, anashuka hadi lango la Lodoare, ndipo anakutana na lami ya Karatu, kisha Mto wa Mbu, Makuyuni, Arusha na hatimaye Moshi. Karatu pana hospitali, ile ya Kilutheri na ile ya FAME iliyoanza kutoa huduma mwaka 2008 zikiwemo, na zimewapunguzia watu mwendo mrefu. Lakini ukijumlisha siku tatu za kreatini na siku ambazo familia ilisubiri nyumbani ikiamini ni malaria, mtu huyu anafika Moshi akiwa kama wale wa London.

Mwaka 2013 Chama cha Kimataifa cha Madaktari wa Figo kiliweka lengo kwamba ifikapo 2025 asiwepo mtu anayekufa kwa jeraha la ghafla la figo linalozuilika. Mwaka 2025 umekuja na kupita, na watu bado wanakufa. Katika juhudi zilizozunguka lengo hilo, kuna moja iliyofanyika Malawi ambayo ningependa kuiona Ngorongoro: kijiti cha karatasi kinachogusishwa mate ya mgonjwa na kubadilika rangi kulingana na kiwango cha urea. Hakina uhodari wa NGAL, na jeraha dogo linaweza kukipita. Ila hakihitaji sindano wala maabara, na kwa jeraha kubwa kinasema kitu pale ambapo sasa hakuna kinachosema.

Kipo pia kipimo ambacho hakisubiri mfadhili. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2012 inasema kwamba mgonjwa anahesabiwa kuumia figo ikiwa mkojo wake uko chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini ya mililita 180 tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana. Muuguzi anahitaji chupa yenye alama, saa ya ukutani, daftari, na ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa asiumwage mkojo chooni kabla haujapimwa. Kipimo hicho huweza kuonyesha hatari siku nzima kabla ya kreatini, wakati dripu bado ina maana, wakati diklofenaki bado inaweza kusimamishwa, na wakati gari la wagonjwa bado linaweza kuondoka Endulen jua likiwa juu na kufika KCMC usiku huohuo.